Gari Lililonukia Udi Wangu

Ndugu yangu Swabir hajui kuketi. Nikimtilia chai ataipokea amesimama, atapiga mafunda mawili, ataiacha dirishani, nami nitaikuta baadaye imepoa na imeingiwa na sisimizi. Msikitini ni wa mwisho kuingia na wa mwanzo kutoka. Nyumbani kwangu hapa Bongwe viti vipo, wala si vibaya, lakini sijawahi kumwona amekikalia kimoja mpaka kikapata joto. Nikimwambia, "Keti basi, unanitia kizunguzungu," hunijibu, "Nimeketi kazini kutwa nzima, dada," na hapo ndipo huninyamazisha, maana ni kweli.

Yeye ni dereva wa hoteli moja kule Diani. Kazi yake ni kuwapokea wageni kwenye uwanja wa ndege wa Ukunda na kuwarudisha siku zao zikiisha. Ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila siku ya Mungu huwashusha watu wanaokwenda zao, huwatolea mabegi, huwatakia safari njema, kisha hugeuza gari tupu na kurudi palepale alipotoka. Mimi nisingeiweza kazi hiyo hata kwa wiki. Ningemnyang'anya mtu begi lake nikapanda ndege badala yake.

Na Swabir alikaribia kwenda, zamani. Alikuwa kijana mbichi, rafiki wa marehemu baba akamwombea kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo pale Mombasa. Pasipoti ikatoka, viatu vipya vikanunuliwa. Mama hakupiga kelele wala hakulia. Aliketi mkekani akasema, "Sikukatazi. Lakini radhi yangu sikupi." Kwetu sisi mtu akiambiwa hivyo na mama yake amekwisha. Polisi unaweza kuwakimbia, deni unaweza kulikimbia, lakini bila radhi ya mama utakwenda wapi ambako mambo yako yatanyooka? Meli ikaondoka na mpishi mwingine. Swabir akavivaa vile viatu kazini mpaka vikatoboka, na tangu hapo hajaketi.

Mama ametutoka mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Shamba lake la Mkongani tukagawana kwa sheria: mafungu mawili ya Swabir, moja langu. Langu liko juu, kwenye mawe. Lake liko chini, lina minazi na kisima, na sote tulikuwa tukichota hapo. Hakuna aliyenung'unika. Nami nikajua kwamba maadamu kisima kiko kwa ndugu yangu, kiko kwangu.

Ndipo akaliona hilo gari.

Alikuja mbio, kanzu imekamatwa mkononi, akasimama mlangoni kwangu akihema. Kuna gari Diani, kwa Abdurahman, yule mfanyabiashara wa nyumba za kupangisha. Gari jekundu, la spoti, la milango miwili, limelala chini karibu na ardhi, na injini yake ukiisikia, dada, ukiisikia tu! Abdurahman hataki pesa. Anataka shamba lenye kisima huku bara kidogo, ajenge nyumba ya kupumzikia. Wabadilishane: gari hili kwa shamba lile.

Nilikuwa napika udi wa kufukiza, ule ninaouza, sukari iko motoni, na sukari ya udi ukiiacha kidogo inaungua. Niliiacha ikaungua.

"Shamba la mama kwa gari?" nikamwambia. "Na gari lenyewe la watu wawili!"

"Kwani mimi niko wangapi?" akasema.

Ni kweli. Yeye na mkewe walishaachana miaka mingi, na mtoto wao wa pekee ameolewa Tanga, ana nyumba yake. Lakini hasira haikuniisha. Nilimwambia amerukwa na akili, kwamba gari la aina hiyo haliwezi hata kupita barabara ya Mkongani mvua ikinyesha, kwamba watu watamcheka, mzee mzima ndani ya gari la vijana. Alinisikiliza huku akizunguka meza. Nilipomaliza akasema kwa upole ulioniudhi zaidi, "Sifanyi kitu bila radhi yako, Biasha. Mama hayupo, wewe ndiye mkubwa. Njoo Jumamosi ulione, kisha uniambie neno moja. Ukikataa, basi."

Wallahi hakunitendea haki. Nikikataa, mimi ndiye mama wa pili. Nikikubali, ndugu yangu amebaki na chuma na mimi nimebaki na mawe.

Wiki ile hapakukalika. Swabir alikwenda kwa Kitsao, fundi wa magari mwenye gereji nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, wakawa wanashinda huko kila akitoka kazini. Kitsao alimfundisha namna ya kulikagua gari lililokwisha kutumika, na Swabir akija kwangu alinisomea yote kana kwamba mimi ndiye ninayenunua. Magari ya spoti, alisema, hayauzwi na watu walioyaendesha polepole. Lazima utazame matairi: tairi likiwa limelika upande mmoja, chini kuna kitu kimepinda. Lazima utazame mwanya baina ya mlango na bodi, uwe sawa juu na chini, la sivyo gari lilishagonga likanyooshwa. Ukifika, kabla ya salamu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mwenye gari ameshaiwasha injini asubuhi ili usione inavyokohoa na kutoa moshi ikiwa baridi.

Alifanyia mazoezi magari ya watu. Alimpapasa jirani gari lake alfajiri mpaka mkewe akachungulia na kuuliza kuna nini. Alipata sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga na leso yangu isikwaruze rangi, akawa anaipitisha kwenye gari la kila mteja wangu anayekuja kuchukua udi. Pale ambapo sumaku haishiki, bati limeoza na limezibwa, na kwetu pwani chumvi inakula bati hata ukiliegesha tu. Bibi mmoja kutoka Msambweni alimkuta amelala chini ya gari lake, miguu nje, akapiga ukelele akidhani amemkanyaga mtu. Nilicheka siku ile, lazima niseme. Halafu nikakumbuka kisima.

Lakini la kwanza, Kitsao alikuwa amemwambia, la kwanza kabla ya yote, ni mkanda wa kiti. "Keti, uvute mkanda mpaka mwisho, mpaka ugome," Swabir alinionyesha kwa kuvuta kamba ya nguo uani kwangu. "Gari likizama majini watasafisha viti, watabadilisha zulia, watapiga rangi. Lakini ule mkanda uliojizungusha ndani ya chuma hakuna anayekumbuka kuuosha. Utaona mstari pale maji yalipofika." Alinisomea hilo siku ya Jumapili, na akarudia tena asubuhi ya Jumatatu kabla ya kwenda kazini. Baada ya hapo hakulitaja tena, na mimi sikulitilia maanani.

Jumamosi tukaenda. Abdurahman alitupokea kama wakwe. Kahawa, halua, "Karibu Bi Biasha, karibu nyumbani, poleni na msiba wa mama, sikuwahi kuja kuwapa mkono." Ni mtu wa adabu, sitamsingizia. Gari lilikuwa chini ya kivuli cha makuti, limeoshwa linametameta, na nitasema kweli: lilikuwa zuri. Mimi si mtu wa magari, lakini kuna vitu macho yanavipenda bila kukuomba ruhusa.

Swabir aliweka kiganja juu ya boneti hata kahawa hajaigusa. Baridi. Akaniangalia. Akaliwasha, likaitika mara moja bila moshi. Akaliacha lingurume, akachutama nyuma akiuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, akasikiliza. Akalizima, akafungua kifuniko cha oili akatazama chini yake kama kuna povu jeupe. Akapima milango kwa kidole. Akapitisha sumaku ikiwa ndani ya ile leso yangu, huku Abdurahman akitabasamu, na sumaku ikashika kila mahali. Akalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Akatoa tairi la akiba, akatia mkono kwenye shimo lake. Chini palitandikwa zulia jipya kabisa.

Mimi nilifungua mlango ili niketi, miguu inauma. Nikapigwa na udi.

"Gari la waungwana hilo," Swabir alisema kutoka nyuma. "Linanukia nyumba ya watu."

Na mtu yeyote wa pwani angesema hivyo. Sisi kitu kikinukia udi tunakiamini. Nyumba ikinukia udi, wenyewe wasafi. Nguo ikinukia udi, mwenye nguo katoka kwa watu. Hatuulizi tena. Ila huu haukuwa udi wa mtu mwingine. Kila mpishi wa udi ana mkono wake, na mimi hutia maua ya mkadi kwa wingi na zafarani ya kuonja tu. Huu ulikuwa wangu. Nikakumbuka mara moja: Yusra, mke wa Abdurahman, alikuja kwangu mara mbili katika mwezi mmoja akichukua vifuko kwa vifuko, nami nikamwombea heri nikidhani kuna arusi.

Niliketi nikafunga mlango. Nikavuta pumzi polepole, kama ninavyofanya nikijaribu pishi jipya. Mbele kulikuwa na mkadi. Nyuma ya mkadi kulikuwa na kitu kingine, kama mkeka uliofungiwa stoo kabla haujakauka.

Nikageuka kumtazama Swabir. Alikuwa amekaa kiti cha dereva sasa, ameshika usukani kwa mikono miwili, ametulia. Nasema ametulia, na mimi nimemjua tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikagua gia, akakagua klachi, akakagua taa na vipangusio. Mkanda akauvuta kiasi cha kujifunga tu. Hakuuvuta mpaka mwisho. Nikasema moyoni: amesahau. Furaha imemsahaulisha.

"Lijaribuni," Abdurahman alisema. "Mimi sitaingia, nafasi hakuna, nyuma hapo ni pa kuweka kanzu. Nendeni hadi mtakapo."

Tukatoka. Swabir alilipeleka taratibu barabara ya pwani, na gari lilikuwa linaomba liachiwe. Nilikuwa na neno mdomoni na sikulitoa. Kwa sababu nilijua litakavyosikika. Mwenye mawe anamwambia mwenye kisima kwamba gari linanuka. Wiki nzima nampinga, leo nimepata sababu. Angeitikia, angerudisha ufunguo, angenishukuru, na angerudi kuwashusha watu uwanja wa ndege mpaka afe. Na mimi ningechota maji yangu. Nilijichukia kwa namna nilivyoyataka hayo maji.

Kona ya Musa ndipo honi ilipolia. Swabir hakuigusa. Ililia yenyewe, ikakwama hapohapo, paaaa, isikome. Akaupiga usukani, wapi. Bodaboda wakageuka, wauza machungwa wakasimama. Na kwetu gari zuri likipita linalia honi bila kukoma, maana yake ni moja tu. Mama mmoja aliyekuwa akipima mchele kwenye kibanda akainua kichwa, akaliona gari jekundu, akaniona mimi na buibui langu, akapiga kigelegele. Mwenzake akakipokea. Kufika kwenye kona ya kuelekea Msambweni, wanawake wa pande zote mbili walikuwa wanapiga vigelegele, na kijana mmoja anakimbia ubavuni akipiga bodi kofi, "Bwana arusi! Bwana arusi huyo!"

"Mimi ni dada yake!" nilipiga kelele dirishani, na nani atanisikia.

Swabir alikuwa anacheka. Alitoa mkono nje akawapungia. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, huku akilikanyaga gari, na mji wote wa Ukunda ukimpigia vigelegele, mwanamume wa nywele za mvi ambaye hakuwahi kusindikizwa kwenda popote. Nami nikalia, nikajifanya ni upepo.

Honi iliendelea mpaka tulipoipita Kinondo, mashamba yakawa pande zote mbili. Swabir akaegesha kando, akafungua boneti, akavuta waya. Kimya kikatuangukia. Alirudi akaketi kitini mwake. Hakuwasha gari.

"Haya, dada," akasema. "Umeliona. Niambie neno langu."

Nilikuwa nimeshaamua, pale penye mchele. Nilijua kwamba nikilisema la gari kwanza, neno lingine lolote litakalofuata litakuwa halina maana. Kwa hiyo nikatanguliza lile la radhi.

"Nimekupa radhi," nikamwambia. "Shamba ni lako. Ukitaka kulitoa kwa gari, litoe, ukitaka kulitoa kwa mbuzi, litoe. Radhi yangu unayo, na kwa kuwa umeniweka mahali pa mama, chukua na ya mama. Umesikia? Sasa maadamu umeshaipata, wala siiondoi, uvute huo mkanda mpaka mwisho. Maana gari hili linanukia udi wangu, na udi wote ule haukununuliwa kwa kheri."

Hakuuvuta. Alitazama mbele, barabarani.

"Nimeshauvuta," akasema. "Jumatatu. Nilipita na Kitsao wakati Abdurahman hayupo, mlinzi akatufungulia. Mkanda una chumvi, Biasha. Chumvi mpaka mabegani. Gari hili lilishikwa na bamvua mahali, bahari ilipojaa sana."

Niliuvuta wa kwangu. Uligoma kidogo, kisha ukaja, mweusi, mweusi, halafu mstari mweupe umekatiza kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake punje ndogo ndogo. Nikaweka kidole, nikaonja.

"Basi wiki nzima hii tunafanya nini?" nikamwuliza. Sauti ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Sumaku ya nini? Umenileta huku nipigiwe vigelegele kwa nini?"

"Nilijua utanikataza," akasema. "Nilitaka nijue utanikataza kwa sababu ya gari, au kwa sababu ni mimi."

Tukageuza gari tukarudi Diani. Abdurahman alipokea ufunguo, akautazama mkanda wa upande wangu ambao niliuacha makusudi umening'inia nje, akajikohoza. "Maji yaliligusa kidogo tu," akasema. Nilimwambia amsalimie sana Yusra, na kwamba udi ukimwishia aje, bei kwake itakuwa nyingine.

Nyumbani nilipakua wali, nikaweka samaki, nikaenda kunawa. Niliporudi Swabir alikuwa ameketi. Ameketi barabara, mgongo umeegemea, sahani ameivuta karibu. Alikula mpaka mwisho, akasukuma sahani, akauliza bila kuniangalia:

"Ile radhi uliyonipa. Ilikuwa ya gari lile tu?"

"Mimi nilitaja hata mbuzi," nikamwambia.

Siku hizi amesikia liko jingine, jeupe, milango miwili vilevile, huko karibu na Lunga Lunga, na mwenyewe naye anatafuta shamba. Kitsao ameshaambiwa. Tunakwenda kulitazama kesho, na la kwanza nitakalofanya ni kuvuta mkanda. Na kule juu kwangu, kwenye mawe, nimewaweka watu wanachimba kisima. Wanalalamika kutwa kwamba jiwe ni gumu. Nimewaambia wachimbe tu.